Binti yangu ni daktari, sasa anataka kubaki mapokezi

Shangazi, asalaam aleikum.

Mimi ni mjane, mama wa watoto wanne, mkaazi wa Wete. Nakuandikia kuhusu mtoto wangu wa pili, ambaye ni daktari. Skuli alisoma hapa hapa Pemba, akaenda Unguja kusomea udaktari, akamaliza na mwaka wa mazoezi, na sasa ameajiriwa katika hospitali moja huko huko Unguja. Baba yake alifariki yeye akiwa kidato cha tatu. Ada, nauli na vitabu vilitoka kwenye karafuu zetu na kwa kaka yangu, mjomba wake, aliyemchukua kama mtoto wa kumzaa mwenyewe. Sisemi haya kwa kumsimanga mtoto. Nasema ili ujue kwamba udaktari huu ni wa ukoo mzima.

Tangu yuko chuoni tulijua kwamba atasomea ubingwa wa maradhi ya wanawake na uzazi. Mwenyewe alikuwa akisema hivyo. Shangazi, hali yetu unaijua. Wako wanawake huku wanakaa na maradhi mwaka mzima kwa kuona haya kufunuliwa na daktari mwanamme. Nilikuwa nikiwaambia majirani: subirini, wa kwetu anakuja. Mjomba wake alishatenga chumba cha mbele cha nyumba yake kiwe kliniki.

Mwezi uliopita amekuja nyumbani akasema anataka kuomba nafasi Dar es Salaam asomee ubingwa wa magonjwa ya dharura, miaka mitatu. Tulidhani hatukusikia vizuri. Mjomba wake akamuuliza, "Huo ni ugonjwa gani?" Maana tunamjua daktari wa macho, wa watoto, wa mifupa, wa moyo. Dharura si kiungo cha mwili. Kaka yangu anasema hao ni madaktari wa mlangoni tu: wanamuuliza mtu jina, wanamtundikia dripu, halafu wanamkabidhi kwa daktari mwenyewe. Anasema kazi ile hufanywa na vijana wanaojifunza, kisha wakaenda zao kwenye ubingwa wa kweli. Binti hakubishana. Alisema tu, "Mjomba, wengine hawafiki huko kwa daktari mwenyewe."

Kuna jengine. Ameposwa. Watu wa upande wa pili ni watu wema, lakini mama mkwe mtarajiwa keshauliza zaidi ya mara moja habari za zamu za usiku. Nami nilipokwenda Unguja kumtazama nilimkuta amerudi asubuhi, amekaa kitandani na nguo zake za kazi, chai hataki, kuzungumza hataki. Baadaye akaniambia usiku ule walifiwa na mtoto mikononi mwao. Nikajiuliza, kazi hii ataifanya mpaka lini?

Sasa lililonifanya niandike. Kaka yangu ana mtu wanayejuana ofisini. Anasema anaweza kumuomba ile ruhusa ya masomo icheleweshwe mpaka muda wa maombi upite, na muda wenyewe umekaribia. Anasema mwaka mmoja ukipita mtoto atakuwa keshaolewa na akili imetulia. Anangojea neno langu. Sitaki kumdhulumu mwanangu, na sitaki kumvunja moyo kaka yangu aliyetubeba. Nisaidie.

Mama Daktari, Wete

*

Waaleikumu salaam, mama.

Naanza na la mwisho kwa sababu lina haraka. Mwambie kaka yako leo hii: hapana, usimpigie huyo mtu. Mtoto ameajiriwa, anaomba ruhusa kwa utaratibu, na kuizuia kwa kificho ni dhulma hata kama anayeizuia anampenda. Tena visiwani humu jambo la ofisini halifichiki. Siku atakapolijua, na atalijua, hatamlaumu mjomba peke yake. Atajua kwamba neno lilitoka kwako. Na hata mpango ukifaulu, mtapata nini? Daktari wa wanawake ambaye moyo wake uko kwengine. Hao majirani zako wenye haya watamtambua siku ya kwanza.

Hilo likishatulia, kaka yako anastahili jibu la heshima, maana swali lake si la kijinga. Madaktari wenyewe waliwahi kuuliza hivyo hivyo. Marekani, kwa miaka mingi, chumba cha dharura kilikuwa cha kupokezana: leo yuko daktari wa fani hii, kesho wa fani ile, usiku kijana aliyetoka chuoni juzi. Mwaka 1961, katika mji wa Alexandria, jimbo la Virginia, daktari James Mills na wenzake watatu waliacha kazi zao nyengine wakakishika chumba hicho wao, mchana na usiku. Chama cha madaktari wa namna hiyo kikaundwa 1968, na mafunzo ya kwanza ya ubingwa yakaanza Cincinnati 1970. Walipoomba fani yao itambuliwe, mwaka 1977 walikataliwa, wapinzani wakidai kwamba hawana elimu iliyo yao wenyewe. Mwaka 1979 wakakubaliwa. Kwetu Tanzania, idara ya magonjwa ya dharura ya Muhimbili ilifunguliwa 2010, mwaka huo huo chuo chake kikaanza kufundisha ubingwa huu, na mabingwa wa kwanza wakahitimu 2013. Ni elimu changa hapa petu. Mtu mzima wa Wete kutoisikia si kosa lake.

Sasa, ni ugonjwa gani? Kaka yako ana haki, dharura si kiungo. Mabingwa wengi wamegawana mwili, mwengine jicho, mwengine mfupa. Huyu amepewa saa za mwanzo za kila maradhi, wakati mgonjwa hajulikani anaumwa nini na hakuna nafasi ya kungoja kujua.

Mchukue mtu aliyeanguka kwenye mkarafuu, jambo mnalolijua vizuri huko kila msimu. Analetwa nyuma ya gari, anahema kwa shida, hajibu sawasawa, na mguu umevunjika mpaka mfupa unaonekana. Macho ya kila mtu yanakwenda kwenye mguu. Aliyefunzwa dharura hauanzi mguu. Anaanza na njia ya hewa, huku mwenzake ameshika kichwa ili shingo isigeuke. Kisha kupumua: upande mmoja wa kifua haupandi, mishipa ya shingo imetutumka, presha inaporomoka. Hewa imejikusanya nje ya pafu na inalibana, na moyo nao umeanza kubanwa. Hapo hangojwi mtu wa picha. Sindano inaingizwa kifuani, hewa inatoka, na bomba linafuata. Halafu damu: inavuja wapi? Tumbo linatazamwa kwa ultrasaundi pale pale kitandani. Ipo dawa ya kusaidia damu igande, asidi ya traneksamiki, ambayo aliyeumia anatakiwa aipate ndani ya saa 3. Akicheleweshwa zaidi ya hapo inaweza hata kumdhuru. Kisha fahamu na sukari. Kisha anafunuliwa mwili mzima atazamwe, na kufunikwa haraka asishikwe na baridi. Mguu zamu yake inakuja. Daktari wa mifupa atautengeneza, na bila ya huyu wa kwanza angeitwa kuja kutazama maiti.

Utaratibu huo ni ule ule, aje aliyegongwa na bodaboda, mzee aliyepooza ghafla upande mmoja, au kijana wa selimundu anayelia kwa maumivu ya kifua. Sikiliza nikwambie, mama: nimekaa wodini miaka mingi nikiwa muuguzi, na tofauti ya mgonjwa aliyepokewa na mtu aliyefunzwa kupokea na yule aliyepokewa na yeyote aliyekuwepo, sisi wa wodini tuliiona mgonjwa alipovuka tu kizingiti chetu.

Hata hiyo dripu kaka yako anayoidharau ina elimu yake, na imegharimu roho. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa Kenya, Uganda na kwetu hapa Muheza, mkoa wa Tanga, kwa watoto 3,141 waliofikishwa hospitali na homa kali na dalili kwamba damu haizunguki vya kutosha. Imani ya madaktari duniani ilikuwa kwamba mtoto wa namna ile amiminiwe maji mengi ya dripu haraka haraka. Ikaonekana waliomiminiwa ndio waliokufa zaidi: ndani ya saa 48, zaidi ya 10 katika kila 100, na wasiomiminiwa kiasi ya 7. Watoto wa kuharisha hawakuwamo katika utafiti ule, maana yule aliyekauka maji mwilini anayahitaji kweli. Kumjua yupi ni yupi, usiku wa manane, mtoto analia na mama analia, ndiyo elimu anayoitaka mwanao. Na tazama ilikotoka: haikuletwa na meli kutoka Ulaya, imepatikana kwa watoto wa ukanda wetu, na itahitaji madaktari wa ukanda huu waiendeleze.

Halafu kuna siku ambazo haji mtu mmoja. Machi 2024, Kisiwa Panza, huko huko kwenu Pemba, watu walikula nyama ya kasa. Wakafa watoto 8 na mtu mzima 1, na wengine 78 wakapelekwa hospitali. Sumu ile haina dawa ya kuiondoa. Kinachobaki ni kumsaidia kila mmoja apumue na moyo wake uendelee mpaka mwili ujitoe wenyewe. Kupokea kijiji kizima kwa mara moja ni kazi ya kufundishwa: nani apewe oksijeni sasa hivi, nani anasinzia na asiachwe peke yake, nani anaweza kukaa kwenye benchi akatazamwa tena baada ya muda. Sisi tumezoea aliyetangulia ndiye atangulie kutibiwa. Pale inabidi mtu mmoja asimame avunje foleni kwa haki, na watu wamuamini. Sina haja ya kukukumbusha wewe wa Pemba Septemba 2011, ilipozama meli ya Spice Islander.

Hoja yako iliyo nzito kuliko zote ni ya wanawake, nami siipiti juu juu. Ni kweli, na inaniuma kama inavyokuuma. Lakini fikiri ni wanawake gani wanaoingia mlango ule. Yupo ambaye mimba yake imetunga nje ya kizazi na mrija umepasuka: hatoki damu nje hata tone, anasema tumbo linauma na kichwa chepesi, huku damu inajaa tumboni. Watu wanamwambia ni vidonda vya tumbo. Yupo wa kifafa cha mimba, anayehitaji magnesiamu na presha yake ishushwe kabla hajasogezwa popote. Yupo aliyejifungulia nyumbani na damu haikatiki. Na dawa ile ya saa 3 niliyoitaja inamhusu huyu pia. Hao hawaanzii kliniki, wanaanzia mapokezi, wamebebwa na shemeji au dereva wa taxi. Haya haimtoki mwanamke kwa kuwa anaumwa sana. Nimewaona wenye hali mbaya kabisa wakiwa wameishika kanga isifunuliwe, na dakika zinakwenda kwa kuwabembeleza. Akiinama mwanamke mwenziwe akamwambia "niache nikutazame, mwanangu," mkono unalegea.

Sitakudanganya kwamba hilo linaziba pengo lote. Mwanamke mwenye uvimbe wa kizazi, au anayetafuta mtoto miaka, hatatibiwa na mwanao. Wa kwenu huyo hatakuwa yule uliyewaahidi majirani, na itabidi uwaambie. Nakuomba uwaambie bila ya kumlaumu mtoto. Zamani kidogo msichana wa Wete kuwa daktari wa aina yoyote lilikuwa jambo la kuhesabiwa kwa vidole. Sasa wapo wengi vyuoni, na katika hao watatoka wa uzazi.

Zamu za usiku. Hapa nadhani nyote, wewe na mama mkwe, mmekosea hesabu. Mnadhani daktari wa uzazi analala? Watoto huzaliwa usiku. Daktari wa uzazi hulala na simu sikioni. Akiitwa kwa upasuaji saa tisa anaondoka, awe na mume, awe na mgeni, iwe mkesha wa Idi. Daktari wa dharura anafanya kazi kwa zamu. Zamu yake ikiisha anamkabidhi mwenziwe wagonjwa mmoja mmoja, anarudi nyumbani, na hapigiwi simu. Ratiba inajulikana mapema. Mume anaweza kuibandika ukutani. Usiku wake ni mzito, hilo nakubali, na kwa mwenye mtoto mchanga utakuwa mzito zaidi. Lakini wake na mama wa zamu tumekuwepo Zanzibar tangu zamani, wauguzi na wakunga, na nyumba zetu zimesimama.

Pesa, kwa ufupi: kliniki ya chumba cha mbele haitakuwepo. Ubingwa huu unahitaji oksijeni, maabara, damu ya akiba na watu, na hauwezi kufanyiwa kazi peke yako barazani. Mwenye ubingwa wa uzazi ana njia nyingi zaidi za kujiongezea kipato. Kaka yako ana haki ya kulijua hilo, na mwanao ana wajibu wa kulisema waziwazi.

Linalonishughulisha mimi kuliko yote hayo ni ile asubuhi uliyomkuta kitandani. Katika nchi ambazo jambo hili limepimwa, madaktari wa dharura huwa miongoni mwa wanaochoka na kukata tamaa zaidi ya wenziwao. Mtoto amekufa mikononi mwako saa kumi na moja, na saa kumi na moja na robo unatakiwa umtabasamie mgonjwa anayefuata. Hili ndilo la kumuuliza, wala si la kumtishia nalo. Muulize: mtoto akifa, mnakaa pamoja mkazungumza, au kila mtu anabeba lake? Yuko mkubwa wake kazini anayeweza kumwambia "leo sikufanya vizuri" asidharauliwe? Analala mchana baada ya zamu, au anafua na kupika? Ibada na chakula vimo katika siku yake? Akikujibu vizuri, tulia. Akikujibu "nimezoea" na akatazama pembeni, basi hapo pana kazi, na mwambie atafute mtu wa kumsikiliza kabla ya kuanza masomo, maana mafunzo ya ubingwa yatamkaza zaidi.

Muulize pia nani atamlipia hiyo miaka mitatu na mshahara wake utakuwaje akiwa Dar es Salaam. Na akirudi, atapangiwa wapi? Bingwa mmoja wa dharura katika hospitali isiyo na mwengine hawezi kukaa zamu siku zote saba. Kinachofaa ni arudi mahali ambapo atafundisha wauguzi na madaktari vijana, ili asipokuwepo yeye kazi isirudi nyuma. Haya asiyaulize kwa wepesi. Ayatafutie majibu kwa wakubwa wake na, kama yumkini, kwa maandishi.

Kaka yako je? Huyo ameumia, mama. Alitenga chumba. Usimpelekee wewe maneno ya mtoto, wala usimsomee barua yangu kama hukumu. Binti aje mwenyewe Wete, akae naye, amshukuru kwanza kwa kila alichomtolea, halafu amueleze ule mfano wa mkarafuu kwa mdomo wake, na amwache aulize mpaka achoke. Tena nina ombi: kabla msimu haujafika, amwambie mjomba awakusanye wachumaji awafundishe namna ya kumuinua mtu aliyeanguka. Asivutwe mikono na miguu. Kichwa, shingo na mgongo vibaki mstari mmoja, abebwe kwenye ubao au mlango uliong'olewa, na damu inayotoka ikandamizwe kwa kitambaa safi bila ya kuachia mpaka hospitali. Hiyo ni elimu ya saa moja. Kaka yako akiiona ikifundishwa shambani kwake mwenyewe, ataelewa kuliko nitakavyoandika mimi.

Mama mkwe usimjibu wewe. Swali la zamu ni la mchumba, na aulizwe yeye kabla fomu haijapelekwa: mke wake akiwa Dar es Salaam miaka mitatu, yeye atakuwa wapi? Ndoa iwe kabla ya masomo, katikati au baada? Akiwa na jibu, wazee mtasikilizana. Akiwa hana, ni heri ijulikane sasa, mahari hayajapokewa. Na kwa kuwa unasema muda wa maombi umekaribia, kikao cha binti na mjomba kiwe wiki hii. Mpigie kaka yako usimamishe ile simu ya ofisini kwanza, kisha mpigie mwanao aulizie nafasi ya boti.